Kabla hatujakata kitambaa cha sare ya skauti, tutakuuliza kwanza

Habari zenu wazazi na walimu. Hela ya korosho ikishaingia huku Mtwara, oda za sare zinamiminika, wa Mikindani, wa Nanyamba, mpaka wa Tandahimba wanatuma vipimo na picha kwa WhatsApp, na wengi wanalalamika mbona fundi maswali mengi, mara skafu ya kundi gani, mara hii beji mtoto kapewa na nani, si ushone tu.

Ngoja nieleze, maana hili lilishatuumiza. Mwaka jana mama mmoja alituletea picha ya shati la mtandaoni, tukadarizi kila kitu kama kilivyo, kumbe zile alama ni za kiongozi mtu mzima na bendera wala si yetu. Mtoto akaambiwa alivue mbele ya wenzake. Tulibandua tukashona upya bure lakini ile aibu haikushoneka, na mpaka leo nikimuona yule mtoto njia ya Shangani roho inaniuma.

Beji ya skauti sio pambo, na haijaanza leo. Mwaka 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipiga kambi na wavulana kama 20 kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, watoto wa matajiri na watoto wa vibarua pamoja. Walipewa beji ya shaba yenye lile ua la yungiyungi linaloonyesha kaskazini kwenye dira, ila kipande cha pili chenye maneno ya kuwa tayari ulikipata ukishafaulu majaribio, kufunga mafundo na kadhalika. Yaani tangu kambi ya kwanza kabisa kuna kitu unapewa na kuna kitu unakitolea jasho! Sasa mimi na cherehani yangu nani nimpe mtoto asichokitolea jasho?

Kuhusu kaki, neno lenyewe asili yake ni vumbi, na lengo la sare lilikuwa mtoto wa tajiri na wa maskini wasijulikane nani ni nani, kwa hiyo ukiniomba nimuwekee wako kitambaa cha kung'aa kuliko wenzake nitakukatalia kwa heshima zote.

Skafu nayo watu wanataka ndogo ili jora litoe nyingi. Hapana jamani. Ile inafunga mkono uliovunjika, ikiwa fupi haizunguki shingo, inabaki urembo tu.

Halafu kwenye nembo ya skauti wa dunia nzima, ile ya zambarau, kuna nyota mbili, ncha tano tano, jumla kumi kama kanuni za skauti. Ikidariziwa ndogo sana ncha zinagandana inakuwa kidoa, ndio maana tunarudia.

Basi ukija, njoo na ujumbe wa kiongozi wa kundi wa beji za mtoto, na skafu moja ya mwenzake tulinganishe rangi mchana, sio kwenye taa. Mikono na suruali tunaacha pindo refu, akirefuka mlete tuishushe.