Risala ya Wahitimu wa Fani ya Umeme kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kwetu. Karibu sana.

Mgeni Rasmi, kufunga waya tumefundishwa tukafundishika. Tulipokwenda fildi tulikwama kwa watu. Wengi tulipangiwa kwenye miradi yenye mafundi Waturuki, Wachina na Wahindi. Mwenzetu mmoja alitajiwa kwa Kiingereza kwamba kazi inaanza saba. Akafika saa saba mchana, kaoga, kapendeza, na buti mpya miguuni. Wenzake walianza saa moja asubuhi.

Mwingine alimwona msimamizi kajigonga nyundo kidoleni, akataka kumpa pole. Pole kwa Kiingereza hakuipata, akasema "sori". Msimamizi akamgeukia: kwani wewe ndiye uliyenigonga?

Lililotutoa jasho ni la fundi Mturuki. Kila tukimwuliza kama tuwashe swichi kubwa, anainua nyusi na kugonga ulimi mara moja. Kwetu nyusi zikiinuliwa ni ndiyo, na ule ulimi unakaribia msonyo. Tukabaki kutazamana: ametukubalia au ametusonya? Kumbe kwao vyote viwili ni hapana. Mkalimani alitufumbulia wiki ya tatu, na kwenye umeme, Mgeni Rasmi, wiki tatu bila kuijua hapana ni nyingi.

Nasi tuna letu. Tumelelewa kutombishia mkubwa, basi hata tusipoelewa tunaitikia "ndiyo bosi", naye anaondoka akijua mambo yameeleweka. Tukazoea kurudia agizo kwa maneno yetu, na kuonyesha kwa kidole, kabla ya kugusa chochote.

Tunaomba somo la stadi za mawasiliano, ambalo kwa sasa ni barua za maombi ya kazi tu, liwe na vipindi vya mazungumzo na mafundi wageni, na wahitimu waliotutangulia waje kutusimulia. Tunaomba pia utufikishie kwa waajiri: wasimamizi wao wapewe japo siku moja ya kujifunza saa zetu na pole zetu. Ombi la basi la chuo, ambalo risala haikosi, tumewaachia wanaobaki.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu, fani ya umeme.