Ukitaka Komoro, tuambie kwanza kisiwa

Hapa Moshi, mteja akishaizoea Zanzibar anaanza kuulizia Komoro. Tunafurahi kuulizwa, ila maombi mengi yanakuja na siku tano mkononi na visiwa vinne kichwani. Hazitoshi. Bora tuelezane kabla hujalipia tiketi.

Nchi yenyewe ina visiwa vitatu mkononi: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, ambacho ramani nyingi hukiandika Mayotte, kilibaki kwa Ufaransa vingine vilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1975. Viza ya Komoro hutolewa ukishatua, lakini haikufikishi Maore. Kule unaomba ruhusa kwa Wafaransa kabla ya kuondoka nyumbani.

Kuvuka kisiwa hadi kisiwa kuna ndege ndogo na boti, na ratiba zake huvunjika. Kuanzia Novemba hadi Aprili, msimu wa mvua, bahari huchafuka zaidi. Mwenye wiki moja tunamwambia achague kisiwa kimoja. Viwili, akiwa mbishi.

Ngazija ndiko unakotua, uwanja wa Hahaya, kaskazini ya Moroni. Wapanda mlima wa kwetu, waliozoea Kilimanjaro, wakisikia mlima wa kule, Karthala, una mita 2,361 wanacheka. Wasicheke. Ni volkano hai. Ilipolipuka mwaka 2005 majivu yaliingia hadi kwenye matangi ya maji ya kunywa. Na watu wa kule wanaishi kwa matangi hayo, kwa sababu kisiwa hakina mto wa kudumu: mvua ikinyesha, maji yanazama moja kwa moja kwenye mawe ya volkano. Kwa hiyo usitarajie kijito njiani, wala vibanda vya kulala kama vya Mandara pale Kilimanjaro. Maji ya safari nzima unapanda nayo.

Nzwani ina Mutsamudu, mji wa kale wa vichochoro, na mashamba ya milangilangi na karafuu. Ila kama hoteli ya kifahari si lazima, sisi tungekupeleka Mwali. Pale Itsamia kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Unakwenda na mwongozaji wa kijijini, tochi ya simu imezimwa.

Beba yuro taslimu. Moja ni kama faranga 492 za Komoro, na kadi ya benki usiitegemee, hasa nje ya Moroni. Ni nchi ya Waislamu, kwa hiyo mavazi ya heshima, kanga isikose begini.

Julai na Agosti Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi kwa harusi kubwa za Ngazija, na ndege hujaa. Ukiitaka miezi hiyo, tuletee nakala ya pasipoti mapema. Na tukikuwekea usiku mmoja Dar es Salaam usione tunakuongezea gharama: ndege yako ya kutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ikichelewa, ya Moroni haikusubiri.