Kwa nyie vijana mliofiwa, na rafiki yenu watu wanamuita kichaa

Wajukuu zangu, poleni na msiba. Najua mnaambiwa "jikaze" kila kona, na katikati ya kujikaza huko mmejikuta mmeshikamana na mtu ambae wenzenu wanamkimbia, mpaka nyumbani wanauliza huyu mtoto kakosa marafiki? Mi nawaelewa kabisa sababu nilipofiwa na kaka yangu nikiwa na miaka 15, wote walisema pole alafu wakabadilisha mada, ila jirani yetu mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, akaniuliza, "kaka yako alikuwa anachekaje?" Nikamuigiza, nikacheka, nikalia, yeye katulia tu anavuta-vuta kifungo cha shati mpaka nikamaliza.

Wakati mwingine tukiongea ananyamaza, anainamisha kichwa, sauti zimemjia. Nilikuwa naogopa. Alafu usiku mmoja nikasikia kaka ananiita jina langu wazi kabisa, nikasema basi na mimi tayari. Hili naomba mlisikie vizuri: aliefiwa kusikia sauti ya marehemu au kuhisi yupo chumbani huwatokea watu wengi, na ugonjwa wa akili hauambukizi. Ila kama sauti haziachi, au zinakuamuru ujidhuru, au hulali huli, mwambie mtu mzima akupeleke kwa daktari, hamna aibu hapo, skizofrenia yenyewe mara nyingi huanza ujanani na matibabu yapo.

Kinachoniumiza ni pale mnapojifanya manesi. Vidonge vya rafiki yenu sio vyenu kuhesabu, na msimwambie aache dawa eti zinamlaza sana, akiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu, hayo aongee na daktari wake. Akisema kuna watu wanamfuata usibishane nae wala usimkubalie, mwambie tu "mi siwaoni, ila naona unaogopa, nipo hapa".

Na siri ya kutaka kufa msiitunze, hata kama amewaapisha. Muulize waziwazi, "unafikiria kujiua?", kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, alafu mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Najua nyie mmeshazika mtu mmoja na mnaona mkikesha nae wenyewe hatapotea, wanangu, huo mzigo sio wenu peke yenu.

Jirani yangu aliacha dawa, akaniambia hataki kuwepo tena, akaniapisha nisiseme. Nilikaa nayo siku mbili chakula hakipiti, na siku mbili zile zilikuwa nyingi mno, ya tatu nikamwambia shangazi, akapelekwa hospitali. Aliporudi hakunisemesha wiki tatu nzima, iliniuma kama msiba wa pili. Alafu jioni moja akaja akakaa pale pale petu, shati lile lile, kifungo kilishakatika, akaniuliza kama bado naweza kucheka kama kaka.