Barua kwa mwanangu: Tazama kabla hujaambiwa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, nami nimemsomea baba yako mwanzo hadi mwisho. Unasema mhadhiri wenu alianza na mapango, akapita Ugiriki na Roma, na kufumba na kufumbua mko kwa Michelangelo, yule mchongaji na mchoraji wa Italia. Kwako historia yote hiyo ya sanaa ya Ulaya inaonekana kama ngazi, kila kizazi kikichora vizuri kuliko kilichotangulia, na unaniuliza kama ndivyo. Sivyo, mwanangu. Nataka uling'amue hili mapema, maana fikra hiyo ya ngazi imewapofusha hata wasomi wakubwa, na wapo waliodhulumiwa kwa ajili yake.

Chukua habari ya Altamira, kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1879 Marcelino Sanz de Sautuola, mtu mwenye mali aliyependa mambo ya kale, alikuwa akichimbua sakafu ya pango hilo kutafuta mifupa na zana za mawe. Alifuatana na binti yake María, mwenye miaka 8. Baba kainamia chini na kazi yake; mtoto akainua macho juu, akamwita babake aje aone ng'ombe. Walikuwa baisani, wale nyati wa Ulaya, kundi zima limechorwa darini kwa udongo mwekundu na mkaa. Na aliyewachora hakuchora tu. Pale mwamba ulipovimba ndipo alipoweka bega au tumbo la mnyama, hata jiwe lenyewe likawa sehemu ya mwili.

Mwaka uliofuata Sautuola alichapisha kijitabu, akasema hii ni kazi ya watu wa kale kabisa. Wasomi wa Ulaya wakamkataa. Michoro ilikuwa mizuri mno! Kwa hesabu yao, mtu wa pangoni alipaswa kuchora ovyo, kwa hiyo ikaenezwa kwamba ni udanganyifu, kazi ya mchoraji wa siku zile zile. Sautuola alikufa mwaka 1888 na doa hilo halijamtoka. Baadaye mapango mengine yenye michoro yakapatikana Ufaransa, na mwaka 1902 Émile Cartailhac, mmoja wa waliompinga kwa nguvu, akaandika makala ya kukiri kwamba walikosea. Nikifika hapo huwa naumia, kwa sababu mwenye kustahili kuisoma alikuwa kaburini miaka 14.

Mwaka 1994 likagunduliwa pango la Chauvet, kusini mwa Ufaransa. Mle mna simba, farasi na vifaru waliotiwa vivuli kwa ustadi ambao mwanafunzi wa leo angejivunia, na baadhi ya michoro hiyo ina zaidi ya miaka 30,000. Ni ya kale kuliko baisani wa Altamira kwa maelfu mengi ya miaka. Ngazi iko wapi hapo?

Kwa hiyo mhadhiri akiwaonyesha picha zilizoundwa kwa vigae vidogo vya rangi katika kanisa la San Vitale, Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 547, usiseme wachoraji walikuwa wamesahau kuchora miili. Watu wale wenye macho makubwa, miguu isiyokanyaga chini, wamesimama mbele ya dhahabu tupu kwa sababu waliowatengeneza walitaka kuonyesha mbinguni, na mbinguni hakuna kivuli. Mchoraji Giotto naye, kule Padua, Italia, yapata mwaka 1305, alikuwa na haja nyingine. Alitaka anayetazama ahisi msiba wa kifo cha Yesu. Ndiyo maana aliwaweka wanawake wamekaa chini wametupa mgongo, hata nyuso zao huzioni, na bado unajua wanalia. Kila mmoja alijibu swali la watu wake.

Sasa wewe uko London, na mambo haya unaweza kuyaona kwa macho yako, tena bila kiingilio. Anzia British Museum, kwenye sanamu za hekalu la Parthenon, zilizochongwa Athens, Ugiriki, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Utaziona nyeupe. Zilipokuwa mpya zilipakwa rangi, na vipimo vya kisasa vimekuta mabaki ya buluu juu yake. Lakini Ulaya ilikwisha kuamini kwamba uzuri wa Kigiriki ni mweupe, na katika miaka ya 1930, ndani ya jumba hilo hilo, baadhi ya mawe yale yalikwanguliwa kwa vifaa vya chuma na shaba ili yawe meupe zaidi. Yaani watu waliifuta sanaa waliyoipenda ili ifanane na walivyoamini.

Kisha nenda National Gallery umtafute Judith Leyster. Kuna picha yake ya mvulana na msichana wanaocheka, na paka. Alikuwa mwanachama wa chama cha wachoraji wa Haarlem, Uholanzi, tangu mwaka 1633, mwanamke aliyeishi kwa brashi yake. Baada ya kufa jina lake lilipotea, na kazi zake zikauzwa kama za Frans Hals, mchoraji mwenzake wa mji huo, mpaka mwaka 1893, alipotokea mtu akaitazama vizuri alama ya herufi zake, yenye nyota pembeni. Alama ilikuwepo pale pale miaka yote.

Humo humo usikose picha ndogo ya Monet, mchoraji Mfaransa, ya ufukwe wa Trouville, Ufaransa, ya mwaka 1870. Zamani rangi ya mafuta ilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, vikipasuka na kukauka ovyo. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akabuni tyubu ya bati, na kuanzia hapo mchoraji akaweza kubeba rangi zake na kutoka nje. Monet alitoka kweli. Ndani ya rangi ya picha ile wataalamu wamekuta chembe za mchanga wa ufukweni. Isogelee kadiri mlinzi atakavyokuruhusu.

Ombi langu ni moja: usisome kibao cha ukutani kwanza. Simama, tazama, andika unachokiona, hata kama ni paka tu. Ndipo usome.

Habari ya mchoraji Picasso na vinyago vya Kiafrika alivyovikuta katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, nitakuandikia barua yake peke yake. Nina mengi ya kusema kuhusu vinyago vile, hasa jinsi vilivyofika huko na jinsi majina ya waliovichonga hayakuandikwa.

Baba yako anakusalimu sana, anauliza kama koti linatosha kwa baridi hiyo.

Akupendaye,
Mama