Kwa Felista, kuhusu somo wako

Mwanza, 8 Machi

Mpendwa Felista,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, na mtoto ametimiza miezi mitano.

Jana ilikuwa sikukuu ya somo wako, Mtakatifu Felista, nikakukumbuka. Kule bwenini ulikuwa hulipendi jina lako, ukisema ni la bibi za zamani. Wiki nzima nimekuwa nikisoma habari zake usiku ninaponyonyesha, na siwezi kukaa nazo peke yangu.

Felista alikuwa mtumwa mjini Karthago, Tunisia ya leo. Mwaka 203 alikamatwa pamoja na wenzake waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Mmoja wao ni Vibia Perpetua, binti wa ukoo wenye hadhi, umri kama miaka 22, mwenye mtoto mchanga wa kiume. Perpetua aliandika mwenyewe yaliyompata gerezani.

Na anaandika habari za maziwa, rafiki yangu! Mtoto alikuwa amedhoofika kwa njaa. Mashemasi wawili wakawahonga askari ili wafungwa wapelekwe kwa saa chache mahali penye nafuu, naye akamnyonyesha hapo. Aliporuhusiwa kukaa naye, gereza likawa kwake kama ikulu. Baada ya hukumu, baba yake akakataa kumrudisha mtoto. Perpetua anashukuru kwamba mtoto hakulilia tena titi, wala matiti yake hayakuvimba kwa maumivu. Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea.

Huyo baba naye ananiumiza. Hakuwa Mkristo. Alikwenda gerezani akambusu binti yake mikono, akajitupa miguuni pake, akawa hamwiti tena mwanangu bali bibi, kama mtu anayemwita mkubwa wake. Siku ya kesi alifika amembeba mjukuu. Hilarianus, aliyekuwa akikaimu ugavana, akamwambia Perpetua azihurumie mvi za baba yake, amhurumie mtoto, atoe sadaka kwa miungu kwa ajili ya usalama wa watawala. "Sitoi." "Wewe ni Mkristo?" "Mimi ni Mkristo." Mzee alipozidi kumsihi, akachapwa fimbo mbele ya bintiye. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi mzazi, ningelia vilevile.

Somo wako alikuwa na mimba ya miezi minane. Sheria ya Kirumi haikuruhusu mjamzito kuuawa, na hofu yake ilikuwa kuachwa nyuma, aje afe baadaye katikati ya wahalifu asiowajua. Wenzake wakamwombea. Siku mbili tatu kabla ya michezo ya uwanjani, ambako wangetupwa kwa wanyama wakali, uchungu ukamshika. Askari akamdhihaki: kama unalia hivi sasa, utafanyaje mbele ya wanyama? Akajibu kwamba maumivu ya sasa anayabeba mwenyewe, lakini siku ile atakuwepo mwingine ndani yake wa kuteseka kwa ajili yake. Akajifungua mtoto wa kike, dada mmoja akamchukua na kumlea kama wake.

Tarehe 7 Machi wakatolewa uwanjani, katika michezo ya siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaisari Septimius Severus. (Kaisari mwenyewe mzaliwa wa Afrika, Leptis Magna, Libya ya leo.) Wanawake hao wawili waliingizwa wamefunikwa nyavu tu. Watu walipomwona yule aliyetoka kujifungua akidondosha maziwa, hata umati ule uliokuja kutazama vifo ulishtuka, ikabidi warudishwe wakavishwe nguo. Kisha wakafunguliwa ng'ombe jike mkali. Perpetua alirushwa, akaanguka, akaivuta nguo yake iliyopasuka ajisitiri. Halafu akamwona Felista chini. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua, wakasimama bega kwa bega, binti wa wakubwa na mtumwa. Waliuawa kwa upanga siku hiyohiyo.

Mpaka leo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, kwenye Misa, wanatajwa wakifuatana, na Felista ndiye anayetangulia. Jumapili padre akiisali, sikiliza.

Nisalimie mama na wadogo zako. Mtoto ameamka, ngoja nimnyonyeshe.

Wako,
Mama Neema