Daraja la hatari la bwawa si cheti cha ubovu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliandika kwamba Marekani ina mabwawa zaidi ya 16,000 yaliyopangwa katika daraja la juu la hatari, kisha chini ya maneno hayo mkaweka picha ya ukuta wa zege uliopasuka. Tarakimu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni huo ufa.

Daraja la hatari halisemi lolote kuhusu ukuta wa bwawa. Linauliza swali moja tu: ukuta huu ukienda, maji yatamkuta nani? Katika orodha ya kitaifa ya Marekani, inayotunzwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi na yenye mabwawa zaidi ya 90,000, daraja la juu maana yake ni kwamba bwawa likivunjika, kuna uwezekano mkubwa wa mtu kufa. Hata mtu mmoja anatosha. Daraja la kati ni pale ambapo hakuna anayetarajiwa kufa lakini barabara, umeme au mali za watu zitaharibika. La chini ni pale ambapo hasara itaishia zaidi kwa mwenye bwawa mwenyewe. Kwa hiyo bwawa lililokamilika jana, zege lake halijakauka vizuri, litakuwa daraja la juu ikiwa kuna shule bondeni. Na tuta lililooza huko porini, ambako hata mchungaji hapiti, litakaa daraja la chini mpaka siku litakapobomoka.

Kuna jambo ambalo habari yenu haikuligusa kabisa, nalo ndilo linalowakosesha usingizi wakaguzi: daraja hupanda bila jiwe hata moja kusogezwa. Mtu alijenga bwawa la umwagiliaji miaka sitini iliyopita, chini yake mashamba matupu. Leo kuna mtaa. Aliyejenga nyumba hakumuuliza mwenye bwawa, na mwenye bwawa hakuambiwa kwamba ana majirani. Ukuta ni uleule, na utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, una upana uleule uliopimwa kwa ajili ya kulinda mahindi. Sasa sheria inataka uweze kupitisha mafuriko makubwa zaidi kwa sababu unalinda watoto. Nani alipe? Mabwawa mengi ya Marekani ni mali ya watu binafsi, baadhi yao wamerithi tu ziwa la kuvulia samaki, na gharama ya kupanua utoro inaweza kuizidi thamani ya shamba zima.

Ubovu una safu yake nyingine katika orodha hiyohiyo: inaridhisha, wastani, mbaya, hairidhishi, haijapimwa. Safu hii ndiyo mliyopaswa kuisoma sambamba na ile ya kwanza. Mabwawa yaliyo juu kwa hatari na wakati huohuo mabaya kwa hali ni zaidi ya 2,000. Hiyo ndiyo habari, na mngeweza kuiwekea picha ya ufa bila mimi kushika kalamu.

Hata hivyo, safu hiyo nayo isomwe kwa tahadhari. Februari 1972, huko Buffalo Creek, West Virginia, bwawa la tope la makaa ya mawe lilibomoka na kuua watu 125. Siku nne kabla, mkaguzi wa serikali alikuwa amelipitisha kuwa linaridhisha. Msiba huo ulichangia kuzaliwa kwa sheria ya ukaguzi iliyoleta orodha tunayoijadili. Miaka karibu hamsini baadaye, Mei 2020, bwawa la Edenville huko Michigan lilivunjika na watu wapatao 10,000 wakahama makwao. Safari hii hakuna anayeweza kusema hakuonywa: mwaka 2018 lilikuwa limeandikwa kwamba haliridhishi, na mamlaka ya nishati ililifutia leseni mwaka huohuo kwa sababu utoro wake ulikuwa mdogo. Lakini uchunguzi ulipokamilika ilionekana kwamba maji hayakupita juu ya tuta. Mchanga uliolegea ndani ya tuta ulipoteza nguvu ghafla ukatiririka kama uji. Miaka yote watu walibishana kuhusu utoro, na tuta likaondokea upande mwingine.

Ujanani nilibeba vyombo vya wapimaji, na siku moja tulipelekwa kwenye tuta la udongo ambalo mlinzi wake alikuwa mzee mwenye chupa ya soda mfukoni. Nilidhani ni ya kunywea. Kila asubuhi alishuka hadi chini ya tuta, mahali maji yalipokuwa yakichuruzika, akakinga chupa, akaiweka juu ya jiwe na kusubiri.

"Mzee, si linavuja hili?" nikamuuliza.

"Kila tuta linavuja, kijana. Tazama rangi."

Maji maangavu ni maji tu. Maji yenye matope, yakiacha udongo chini ya chupa, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, chembe kwa chembe, mpaka njia ipanuke na kuwa bomba. Huko Teton, Idaho, tarehe 5 Juni 1976, maji ya namna hiyo yalionekana asubuhi. Matingatinga yakaletwa kusukumia udongo kwenye tundu. Tundu likayameza matingatinga, na kabla ya adhuhuri bwawa halikuwepo. Lilikuwa jipya kabisa, ndiyo kwanza linajazwa.

Mzee yule alikuwa na daftari. Tarehe, kina cha maji, rangi. Ningemwamini kuliko neno moja lililoandikwa ofisini miaka mitano iliyopita.

Msidhani naisifu Marekani. Alabama kwa miaka mingi ilikuwa jimbo lisilo na mpango wa serikali wa kukagua mabwawa. Ila angalau mwananchi anaweza kufungua orodha akaona bwawa lililo juu ya nyumba yake. Kule Derna, Libya, mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yalizolewa na mafuriko ya Septemba 2023 yakaondoka na maelfu ya watu, ingawa mwaka mmoja kabla mtaalamu wa maji alikuwa ameandika kwamba yanahitaji matengenezo. Kule Solai, Kenya, Mei 2018, bwawa la shamba lilishuka usiku juu ya watu, wakafa zaidi ya 40. Bwawa la shamba, Mhariri. Haya madogo ndiyo mengi, na ndiyo yanayojaa kwenye kundi la "haijapimwa". Neno hilo hupita machoni kana kwamba ni nafasi tupu ya fomu, na mimi ndilo linaloniogopesha kuliko "mbaya", kwa kuwa bwawa baya angalau kuna mtu aliwahi kulipanda akaliangalia.

Ombi langu basi. Mkiandika tena kuhusu mabwawa, ya nchi yoyote ile, wekeni pamoja daraja la hatari, hali ya ukuta na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Ulizeni pia kama kuna ramani inayoonyesha maji yatafika wapi na baada ya dakika ngapi, na kama wanaoishi ndani ya ramani hiyo wamewahi kuonyeshwa.

Na ile picha ya ufa, kama kweli ni ya mojawapo ya hayo 16,000, tuambieni ni la wapi na lilikaguliwa lini.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi