Barua ya wazi kwa Jeremy Corbyn: waliokuchagua wapewe kazi kabla ya 1 Desemba

London, Oktoba 2015

Kwa Mheshimiwa Jeremy Corbyn,
Mbunge wa Islington North na Kiongozi wa Upinzani Bungeni

Shikamoo, mzee wetu.

Hongera kwa kushinda uongozi wa chama cha Labour. Pongezi umeshazipokea nyingi, na matusi vilevile, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ninayotaka kukuambia yanawahusu pia Watanzania, Wakenya na Waganda tunaofanya kazi katika mji huu, na nataka wayasome wenyewe. Wewe hutakosa wa kukusomea, jimboni mwako tumo.

Mimi ni mfanya usafi. Zamu yangu ni ya maofisini, karibu na Trafalgar Square, na nikimaliza napanda basi la usiku, N29, linalopita Camden, Holloway na Finsbury Park, katikati ya jimbo lako, hadi niteremke Turnpike Lane. Humo ndani hakuna anayezungumza siasa. Watu wameegemea madirisha, wamelala na mikoba yao mapajani. Lakini wiki ile baada ya 12 Septemba walizungumza. Wanawake wawili nyuma yangu walibishana tangu Camden hadi Manor House kama kweli utairudisha reli mikononi mwa umma au ni maneno ya kampeni tu. Mmoja alikuunga mkono, mwingine alisema wanasiasa wote baba yao mmoja. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia ubishi wa namna hiyo saa hizo za usiku, na nilitamani safari isiishe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ushindi wako ni homa ya muda mfupi ya vijana wa vyuo vikuu. Kura 251,417 kati ya 422,664, asilimia 59.5, raundi ya kwanza! Andy Burnham aliyekufuata alipata asilimia 19, Yvette Cooper 17, Liz Kendall 4.5. Na hata kuingia kwenye karatasi ya kura ilikuwa kwa tabu. Ulihitaji sahihi za wabunge 35, ukapata 36, saa sita mchana ya tarehe 15 Juni, muda wa mwisho, ikikaribia, na baadhi ya waliokusaidia walisema wazi kwamba wanafanya hivyo ili mjadala upanuke tu. Mbunge wangu wa Tottenham, David Lammy, alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Namshukuru.

Mwezi wa Agosti nilikuwa nje ya ukumbi wa halmashauri ya Camden, pale Euston Road, siku ukumbi ulipofurika. Ulikuja nje ukapanda juu ya gari la zimamoto la chama cha wafanyakazi wa zimamoto, ukatuhutubia sisi tuliokosa nafasi. Niliangalia watu waliosimama karibu nami kuliko nilivyokuangalia wewe. Kulikuwa na wazee wenye beji za zamani za kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, wanaokumbuka kwamba ulikamatwa mwaka 1984 nje ya ubalozi wa Makaburu, na kwa sisi tuliokulia Tanzania jambo hilo lina uzito wake. Kulikuwa na wauguzi wenye sare. Kulikuwa na wasichana ambao, kwa umri wao, hawakuwa wamewahi kupiga kura hata mara moja.

Sasa hofu. Siku moja tu baada ya ushindi, Waziri Mkuu David Cameron aliandika kwamba chama chako sasa ni tishio kwa usalama wa taifa, wa uchumi na wa familia. Siku mbili baadaye, katika ibada ya kumbukumbu ya vita vya anga vya 1940 pale St Paul's, ulisimama kimya wimbo wa taifa ulipoimbwa, na magazeti yakakukaba koo. Hapo nitasema ukweli wangu: sikupenda. Babu yangu alikwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akarudi na mguu mbovu, na kwangu siku kama hiyo ni ya waliokufa. Wengi wa watu wetu wa kazi za mikono wanaona hivyo hivyo, na ni watu unaowahitaji.

Kuna mzee mmoja wa Tanga, ninayemheshimu sana, ambaye hakufurahi kabisa uliposhinda. Yeye alikuwa kijana Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na alishangilia benki zilipotaifishwa. Miaka ya themanini mwanzoni alipanga foleni ya sukari na sabuni. Aliniambia kwamba serikali ikishika kila kitu, kwanza bidhaa zinaadimika, kisha watu wanaanza kuogopa kusema. Nilimjibu kwamba unachosema wewe ni reli zirudi kwa umma mikataba ya kampuni inapokwisha, halmashauri zijenge nyumba tena, na kodi inayokwepwa ikusanywe, na kwamba yeye mwenyewe alisoma sekondari bila ada katika siasa hizo hizo anazozilaumu. Hakuridhika. Aliuliza fedha zitatoka wapi, nami sikuwa na hesabu ya kumwekea mezani. Nakuomba umtengenezee hesabu hiyo, kwa lugha ya mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi. Huyu si bepari wala si adui. Ana kumbukumbu, na kumbukumbu haijibiwi kwa kelele. Wafuasi wako wanaomrukia kila mwenye shaka mitandaoni wanakuharibia, uwaambie wewe mwenyewe.

Nimekuja kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Mfanyakazi mwenzangu, mama wa Mombasa, alitaka kulipa zile paundi tatu ili akupigie kura kama mfuasi aliyesajiliwa. Alikataliwa. Jina lake halimo kwenye daftari la wapiga kura, na bila daftari hakuna usajili. Ameishi hapa miaka mingi, ana kibali cha kudumu, analipa kodi na bima, lakini alikuwa anaamini kabisa kwamba mpaka apate pasipoti ya Uingereza ndipo atakuwa na kura. Nilimwambia kwamba raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, hata ya ubunge. Alidhani namtania.

Basi nawaambia na wenzangu mnaosoma: Mkenya, Mtanzania, Mganda, na Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, wote tumo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi ndio ambao bado mpaka wapate uraia. Tarehe 25 mwezi huu Tanzania inamchagua rais, na Mtanzania aliye London hawezi kupiga kura hiyo, kwa sababu sheria ya nyumbani haimpi nafasi aliye nje. Lakini mtu huyo huyo anaweza kumchagua mbunge wa Tottenham, na mwezi Mei mwakani anaweza kumchagua meya wa London. Wengi hawajui, na hakuna aliyewagongea mlango kuwaambia.

Wakati huo huo daftari lenyewe linapunguzwa. Zamani mtu mmoja katika kila nyumba aliwaandikisha wote wanaoishi humo. Tangu mwaka jana kila mtu anajiandikisha mwenyewe, na Tume ya Uchaguzi ilihesabu mwezi Mei kwamba majina milioni 1.9 yalikuwa bado hayajathibitishwa kwa utaratibu mpya. Ni kweli, mengine ni ya watu waliohama au kufariki, na hayo yafutwe. Tume ilishauri kipindi cha mpito kiendelee hadi Desemba 2016. Serikali imeamua kiishe Desemba hii. Na daftari la 1 Desemba ndilo litakalotumika kuchora upya mipaka ya majimbo, wabunge wakipunguzwa kutoka 650 hadi 600. Maana yake mtaa wa wapangaji wanaohamahama kila baada ya miezi sita, mtaa wa wanafunzi, mtaa wetu, utahesabiwa kana kwamba nusu ya waliomo hawaishi hapo. Hata wakijiandikisha mwakani, mipaka itakuwa imeshachorwa.

Mheshimiwa, hii ndiyo kazi ya wale waliokuchagua. Chama chenu kilitangaza kwamba ndani ya siku ya kwanza tu zaidi ya watu 15,000 walijiunga. Wenyeji wa chama wengine wanawatazama kwa shaka, wakiwaita watu wa paundi tatu. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyekuja na jembe akakalishwa sebuleni kusikiliza hotuba, ataaga na kwenda zake. Waliosimama Euston Road siku ile hawakuja kukupigia makofi hadi uchaguzi mkuu wa 2020.

Katika uteuzi wako wote wa baraza la mawaziri kivuli, ulionipendeza kuliko yote ni ule wa Gloria De Piero kushughulikia vijana na uandikishaji wa wapiga kura. (Wanawake 16 kati ya 31 pia ni jambo zuri, ingawa waliosema kwamba vyeo vizito vimebaki kwa wanaume wana hoja, na wasibezwe.) Naomba wizara hiyo kivuli isibaki jina. Mpe nguvu. Kila tawi lipewe orodha ya mitaa yake na lipange siku za kugonga milango kuanzia wiki hii hii. Watu wapelekwe kwenye karakana za mabasi, kwenye misikiti Ijumaa na makanisa Jumapili, kwenye saluni, kwenye maduka yanayotuma fedha nyumbani. Na waende na mtu anayejua lugha ya hapo.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona inavyofanyika. Mimi na yule mama tulikaa kwenye ngazi za nyuma za jengo tunalosafisha, wakati wa mapumziko, chai ikiwa kwenye chupa. Alitoa kikaratasi cha mshahara mkobani ili tusome namba yake ya bima ya taifa: herufi mbili, tarakimu sita, herufi moja. Tukaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, uraia. Alipofika kwenye uraia alinishika mkono akauliza kama hii haitaleta watu wa uhamiaji mlangoni kwake. Karatasi zake zote ni halali, na bado aliogopa. Nilimweleza, akauliza tena, nikamweleza tena, ndipo akabonyeza. Yote ilichukua dakika chache, chai haijapoa. Nyumbani mwaka huu watu wamepanga foleni tangu alfajiri kungojea mashine za BVR, zile za kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, na hapa simu ya mkononi inatosha. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye kwenye ngazi na kumjibu swali hilo la uhamiaji kwa uhakika.

Swali hilo wewe unaweza kulijibu mara moja kwa watu wengi, kwa sababu una kipaza sauti ambacho mimi sina. Katika Maswali kwa Waziri Mkuu tarehe 16 Septemba ulisoma maswali ya wananchi, ukasema umepokea zaidi ya 40,000. La kwanza lilikuwa la nyumba. Wapo waliocheka mtindo ule. Kazini kwetu hakuna aliyecheka, hasa ulipofika kwenye ruzuku ya familia za kipato cha chini. Kima cha chini cha mshahara kimepanda mwezi huu hadi paundi 6.70 kwa saa, lakini Aprili kiwango ambacho ruzuku huanza kukatwa kitashuka kutoka paundi 6,420 kwa mwaka hadi 3,850. Mama mwenye watoto wawili anayesafisha ofisi hahitaji mchumi kumweleza hapo atapata au atapoteza. Tumia wiki moja, Bungeni hapo hapo, kumwuliza Cameron kuhusu daftari: kwa nini haraka hii, wakati Tume ya Uchaguzi yenyewe imeshauri kusubiri? Kisha tamka wazi kwamba raia wa Jumuiya ya Madola wenye vibali wana haki ya kujiandikisha na wasiogope.

Nakumbuka pia kwamba katika uchaguzi mkuu wa Mei mwaka huu chama chenu kilibaki na viti 232, na Scotland nzima kiti kimoja. Waliokichagua chama kingine mwezi Mei hawakuwamo kwenye kura zako za Septemba, na asilimia 40 ya waliopiga kura ndani ya chama walimtaka mtu mwingine. Hao wote wanakutazama. Wakiona vijana wako wanagonga milango kuuliza hali na kuandikisha watu, pamoja na wale ambao pengine hawatakupigia kura wewe, watakuwa na sababu ya kukusikiliza ambayo hotuba haiwezi kuwapa.

Sisi wa zamu ya jioni tunakusanyika mlango wa nyuma kabla ya saa kumi na mbili, karibu watu thelathini wa jengo letu na majengo ya jirani, kila siku ya kazi. Watatu tumo kwenye daftari kwa ninavyojua. Mtume mtu yeyote mwenye simu na nusu saa, Jumatatu ijayo au inayofuata. Kiswahili mimi nitatafsiri, Kispanyola na Kireno wapo wengine watakaosaidia.

Wako,
Mfanya usafi na mpiga kura wa Tottenham